Mkataba wa Versailles: kosa lilikuwa fidia?

Swali: Mkataba wa 1919, uliofunga Vita vya Kwanza vya Dunia na kuibana Ujerumani iliyoshindwa, unalaumiwa kwa kuzaa vita vya 1939. Tatizo hasa lilikuwa fidia?

Jibu: Si fidia tu. Mwaka 1921 Ujerumani ilidaiwa marki za dhahabu bilioni 132, ila bilioni 82 ziliwekwa kwenye hatifungani za daraja C, deni la kwenye karatasi tu. Kilichochoma zaidi ni kifungu cha 231, kilichoitwisha dhima ya vita.

Jibu: Usisahau Ruhr, eneo la viwanda na makaa ya mawe la Ujerumani. Januari 1923 Ufaransa na Ubelgiji ziliikalia kwa kucheleweshewa mbao na makaa ya mawe. Wafanyakazi wa huko wakagoma kupinga ukaliaji huo, na serikali ya Berlin ikachapa noti kuwalipa. Marki, iliyokuwa taabani tayari, ikaporomoka kabisa.

Jibu: Mimi nalaumu utekelezaji. Jeshi la Ujerumani lilipewa kikomo cha watu 100,000, lakini Hitler alipopeleka askari Rhineland, eneo la Ujerumani ambalo mkataba ulikataza kuwekwa jeshi, mwaka 1936, nani alimzuia?