Mrejesho: praima yenye chenga na rangi kubanduka kwenye askari wa mm 28

Habari wakuu. Niliuliza hapa kwa nini praima (rangi ya msingi inayopulizwa kwanza) inatoka na chenga kama mchanga na rangi inabanduka kwenye askari wangu wa plastiki, vile visanamu vidogo ninavyovipaka rangi. Asanteni sana, mmeniokoa.

Kubanduka kumeisha. Sasa nawasugua kwa mswaki wa zamani, maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kisha wanakauka usiku kucha. Mafuta ya kiwandani yaliyobaki ndiyo yalikuwa yanazuia rangi isishike.

Chenga nazo zilitokana na umbali: nilikuwa napulizia kutoka kama sentimita 50, rangi inakauka hewani kabla ya kutua. Sasa ni sentimita 20 hadi 25, mipigo mifupi, tabaka mbili nyepesi. Napuliza saa nane mchana, si alfajiri. Hapa Mwanza hewa ya asubuhi imejaa unyevu.

Ushauri wa kuwekea rangi kwenye kopo lenye sponji iliyoloa maji na karatasi ya kuokea juu yake nao ni mzuri mno. Rangi ya akriliki haikauki mkononi tena. Ila fungeni kopo siku nne kwa joto hili muone sponji inavyonuka!

Vanishi, ile ya kukinga rangi mwishoni, ndiyo imenishinda. Niliipuliza mvua ikinyemelea, askari watano wakapata ukungu mweupe. Nikapaka vanishi ya kung'aa kwa brashi: makoti ya askari yamerudi rangi yake, kwenye mikunjo weupe bado upo. Waliobaki nawapaka kwa brashi tu.