Tupeane uzoefu: kufanya kazi na jeshi dogo la nchi rafiki, makosa huanzia wapi?

Mlinzi wa Zabibu (Dodoma)
Mbukwenyi wakuu. Wanajeshi wetu wameshirikiana na wenzao wengi: Wakomori pale Anjouan Machi 2008, Wamalawi ndani ya brigedi ya Umoja wa Mataifa mashariki mwa Kongo kuanzia 2013, Walesotho na wengine wa SADC Cabo Delgado kuanzia 2021. Wale wenye ujuzi, leteni hatua, vipimo na kosa linalojirudia. Porojo za "mimi nilipokuwa kule" ziwekeni kando, na siri za kazi zibaki kazini.

Afande Mstaafu, Kisasa
Anzeni na vyeo. Kwenye majeshi yaliyofuata mfumo wa Kifaransa, "major" ni kilele cha askari wasio maofisa, na anayelingana na Meja wetu anaitwa "commandant". Ukienda Kongo au Burundi, waliorithi kwa Wabelgiji, "major" ni Meja kamili. Sasa mtayarishaji wa kikao anapanga viti kwa kusikia jina tu: sajenti mkongwe anawekwa mbele, na mwenye cheo halisi anaulizwa "wewe ni kamanda wa kitu gani?" Uso umeshakunjwa kabla chai haijamiminwa.

Dawa yake ni ukurasa mmoja wenye safu tatu: jina, cheo kwa lugha yake, na ana mamlaka ya kuruhusu nini (magari, mafuta, kufyatua). Safu ya tatu ndiyo muhimu. Jeshi dogo linaweza kuwa na kapteni anayeamua mambo ambayo kwetu yangesubiri saini ya kanali.

Charlie Bravo
Saa, wakuu. Sisi na Comoro tuko saa moja. Msumbiji, Malawi, Lesotho na Goma wako nyuma yetu kwa saa nzima. Amri ikisema 0400 bila herufi ya ukanda wa saa (C ni yetu, B ni yao), upande mmoja utafika lisaa limoja kabla ya mwenzake na kukaa peke yake gizani. Andika 0400C kwa saa yetu, 0400B kwa yao, na mpangilio wote utumie moja tu. Halafu marufuku kutaja saa kwa mdomo kwa Kiswahili. "Saa kumi" kwako ni 0400 au 1600, kwa mkalimani aliyezoea hesabu ya Kifaransa ni 1000.

Mpima Ramani, Ipagala
Nyongeza. Ramani zetu nyingi za zamani za 1:50,000 zimechorwa kwa datumu (msingi wa kupimia mahali) ya Arc 1960, GPS inasoma datumu nyingine, WGS84. Tofauti ni kama mita 300. Jirani naye ana datumu yake. Ramani za zamani za Msumbiji, kwa mfano, zinatumia Tete. Kila kuratibu (namba za mahali kwenye ramani) iandikwe na datumu pamoja na namba ya kanda, yaani kipande cha dunia cha gridi ya UTM.

Mfano wa hapa hapa: mpaka wa kanda ya 36 na 37 ni nyuzi 36 mashariki, unapita kati ya Dodoma mjini na Kongwa. Namba ya mashariki (mita za kuelekea mashariki ndani ya kanda) ya mjini inakaribia 800,000; ya Kongwa ni karibu 215,000. Mpe mgeni hiyo ya Kongwa bila kanda, kifaa chake kikiwa kwenye 36, kitamwelekeza kule karibu na Ziwa Tanganyika, zaidi ya kilomita 600.

Kota Masta
Mie nakuja na risasi. "Saba sita mbili" ni jina la vitu vitatu: 7.62×39 ya bunduki za AK, 7.62×51 ya bunduki za FAL na G3 na bunduki ya rashasha ya MAG, na 7.62×54 ya rashasha ya PKM, risasi yenye ukingo kwenye kitako cha ganda. Maombi yakija "7.62, elfu kumi", yarudishe. Yaandikwe vipimo vyote viwili, aina ya silaha, idadi, na kama ni za kwenye mkanda au za huru. Mkanda wa PKM hauingii MAG. Ambatanisha maganda matatu matupu kwenye bahasha. Lugha ikikwama, ganda halihitaji mkalimani.

Kubwa zaidi ni mota (mzinga mdogo wa kurusha makombora juu). Vifaa vya asili ya Kirusi au Kichina hugawa duara sehemu ndogo ziitwazo mili, 6,000, vya Magharibi 6,400. Mwelekeo wa 1,600 uliotolewa kwa mfumo wa Magharibi ni nyuzi 90. Ukiwekwa kwenye kifaa cha 6,000 unakuwa nyuzi 96. Kwa umbali wa kilomita 3 umekosea zaidi ya mita 300, pengine juu ya wenzako. Usimuulize mtu "unatumia mfumo gani", atakujibu "wa kawaida". Muulize robo duara ina mili ngapi: 1,600 au 1,500?

Binti Chamwino
Kota, nakuunga mkono. Naongezea uchache wa watu. Jeshi la Lesotho lina watu kama 2,000, hivyo kombania moja ya 120 ni asilimia 6 ya jeshi zima. Afisa wao mmoja anashika operesheni, mafunzo na mawasiliano. Ukimletea maofisa sita, kila mmoja na fomu yake, siku imeisha. Mpe orodha moja kwa siku, kupitia mtu mmoja.

Na kabla ya kupanga chochote muombe akuandikie mambo ambayo serikali yake imemkataza: kutembea usiku, kuvuka mto fulani, kukamata raia. Asipoulizwa atakubali kwa heshima, halafu siku yenyewe hasogei.

Mlinzi wa Zabibu (Dodoma)
Dada Chamwino, na redio za siri zisizosikilizana?

Binti Chamwino
Usihangaike kuziunganisha, wala usiwape funguo zako za kuficha mawasiliano. Peleka afisa kiungo na redio yako kwenye kamandi yao. Mtu mmoja hatoshi, atalala. Weka wanne, redio mbili, betri za siku tatu na chaja inayotumia umeme wa gari. Usiwadai nao walete wanne kwako, hawana. Na timu yako iende na chakula chake na mafuta yake.