Feni ya hita inagoma asubuhi za baridi kali

Mama Zuu (Minneapolis): Jamani mafundi, nisaidieni. Baridi ikifika nyuzi 20 chini ya sifuri, feni ya hita ya gari langu haizunguki kabisa. Nikiendesha kama nusu saa inaamka yenyewe, na mlio wa kukwaruza. Fyuzi ni nzima. Kioo cha mbele kinajaa ukungu unaoganda na mwanangu yuko nyuma. Hilo ndilo linalonitisha.

Fundi Kombo: Pole sana dada. Inagoma spidi zote? Ikizunguka kwenye spidi ya juu tu, ni rezista, kile kifaa kinachopunguza spidi ya feni. Ikigoma zote halafu ikaamka gari likipata joto, shuku mota: grisi ya bushi (pete inayoshika mhimili wa mota) imekuwa nzito, au kaboni zinazopitisha umeme ndani ya mota zimelika. Washa feni, ugonge taratibu kasha la mota, aghalabu liko chini ya dashibodi upande wa abiria. Ikishtuka na kuzunguka, mota imechoka.

Babu Waya: Kabla hujanunua, pima volti kwenye pini mbili za mota, plagi ikiwa imechomekwa na feni spidi ya juu. Ukipata 12 na haizunguki, mota ndiyo mbovu. Zikiwa pungufu, fuata nyaya, swichi na relei (swichi inayowashwa kwa umeme). Tazama pia kama plagi imeungua, maana mota inayozunguka kwa shida huvuta ampea nyingi, na ukiiacha itachoma hata rezista mpya.

Mama Zuu: Zote zinagoma. Nimegonga kwa mpini wa bisibisi, ikazunguka! Plagi haijaungua. Asanteni, naagiza mota leo.