Nyusi za mwanaume: wembe, uzi au piko?

Mgeni_77: Habari wakuu. Nina shughuli Jumamosi ijayo, picha zitapigwa nyingi na nyusi zangu haziko sawa. Wembe, uzi, nta au piko, kipi bora?

Kitumbua: "Haziko sawa" ndiyo nini? Zimeungana, zimejaa au hazipo? Ukinyoa ndevu unatoka vipele? Umeleta kesi bila faili.

KinyoziMbagala: Wembe. Napitisha kitana, kinachozidi nakata kwa mkasi, kisha wembe mpya katikati. Dakika tano. Usikubali upinde tu, utatoka kama bi harusi.

MamaSaluni: Siku ya tatu vishina vinachomoza, vinachoma. Uzi unang'oa na mzizi, unapata wiki tatu hivi. Machozi yatakutoka lakini. Nta iache kama unapaka dawa ya chunusi yenye retinoidi, itaondoka na ngozi.

Mpwani: Piko usiguse. Kaka yangu alipooa nilipakwa ili nyusi zionekane zimejaa. Usiku zikaanza kuwasha. Asubuhi jicho la kulia limeziba, nyusi inatoa majimaji, ukigusa inanata. Daktari akauliza swali moja: umepaka rangi ya nywele? Kumbe piko lile lilikuwa na PPD, ile kemikali ya rangi ya nywele, wala si hina. Picha zote za ukumbini nimevaa miwani ya jua, saa tatu usiku. Mpaka leo mvi zangu naziacha hivihivi, mwili ushaikataa ile dawa.

Abuu_T: Kutinda nyusi dini imekataza.

Kitumbua: Hata za katikati, sheikh? Hapo wanazuoni wamekhitilafiana.

Abuu_T: Mwenye shaka aache.

MamaSaluni: Msiharibu uzi jamani.

Kitumbua: Upi, huu au wako wa saluni?

Mgeni_77: Samahani wakuu, zimeungana. Na ya kushoto ina kovu la bodaboda, hapaoti kitu.

MamaSaluni: Sasa ndiyo unasema! Hapo chora vinyweleo kwa penseli ya wanja, jioni unanawa. Kuna zile chale za rangi, zinakaa mwaka na zaidi, ila kama makovu yako huwa yanavimba usithubutu.

KinyoziMbagala: Kovu la nini kufichwa? Vijana wananilipa niwakate mstari hapohapo. Njoo nikuongezee wa pili, waone umekusudia.

Mpwani: Boda alikulipa matibabu lakini?

Mgeni_77: Alikimbia. Kinyozi, uko Mbagala ipi, Rangi Tatu au Zakhem?