Madalali wa hisa mtandaoni: bili ya umeme yenye jina langu naitoa wapi wakati nalala chumba cha kampuni?

Mbukwa wakuu.

Niko Nkuhungu, Dodoma. Nimekuja likizo ya siku 30, na wiki mbili kati ya hizo nimezimaliza nikifukuzia karatasi ambayo mwishowe imekataliwa. Naandika nikiwa na hasira, mnisamehe uandishi.

Mimi ni fundi viyoyozi Dubai, mwaka wa nne sasa. Kwa wasiojua, mfanyakazi mgeni wa aina yangu kule hana pensheni. Mkataba ukiisha unapewa kiinua mgongo, mshahara wa msingi wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, halafu viza inafutwa na unapanda ndege. Mtu wa hivyo asipojiwekea mwenyewe, uzee wake utakuwaje? Nikaamua kila mwezi kiasi fulani kiende kwenye mfuko unaonunua hisa za makampuni ya dunia nzima, nikiguse nikirudi nyumbani moja kwa moja.

Na sikukurupuka. Nilisoma miezi. Nilijua kwamba Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo ukinunua mfuko wa Marekani gawio lako linakatwa 30% kabla halijakufikia. Nikachagua mfuko uliosajiliwa Ireland, ambao gawio la hisa zake za Marekani hukatwa 15% humohumo ndani ya mfuko. Hata fomu ya W-8BEN, ile ya kutamka kwamba kwa mambo ya kodi wewe si mtu wa Marekani, niliijaza nikielewa kila mstari. Nasema haya kwa sababu ukilalamika kuhusu hisa watu hukimbilia kusema hukusoma. Nimesoma.

Nikajiunga na kampuni moja kubwa ya udalali ya mtandaoni. Jina siliweki. Tangazo lao linasema akaunti inafunguka kwa dakika kumi. Pasipoti ikapita, picha ya uso ikapita, TIN ikapita, maswali ya kipato na kazi yakapita. Ikanifungulia mlango wa kuweka pesa kabla hawajamaliza kunihakiki, nami nikaweka dola 1,200. Pesa ilipoingia tu ndipo ikaja meseji ya uthibitisho wa makazi: bili ya umeme au ya maji au taarifa ya benki, isiyozidi miezi mitatu, yenye jina langu na anwani ya mtaa. S.L.P. haikubaliki.

Wakuu, mimi Dubai nalala chumba cha watu sita. Jengo limekodiwa na mwajiri, mkataba wa pango una jina la kampuni, umeme una jina la kampuni. Nikatuma taarifa ya benki, ikarudi kwa sababu ina S.L.P. ya mwajiri. Kule kwa kawaida posta haigongi mlango wa mtu, barua zinaishia kwenye masanduku kama huku kwetu, na benki inaandika hicho kilichopo. Nikaomba barua kazini, nikapewa, ina mhuri na namba ya chumba changu. Ikakataliwa kwamba mwajiri si taasisi wanayoitambua kwa jambo hilo. Lakini mwajiri huyohuyo ndiye waliyemkubali waliponiuliza kipato changu kinatoka wapi!

Wakaniambia kama sina uthibitisho wa ninakoishi, nitumie wa nchi yangu. Sawa. Likizo ilikuwa inakaribia, nikasubiri.

Nimefika nyumbani. Umeme wetu ni LUKU. Unanunua, unaletewa tarakimu 20, unaingiza kwenye mita, basi. Bili ya mwisho wa mwezi haipo, na ujumbe wa manunuzi hauna anwani ya nyumba. Bili ya maji ipo, ila ina jina la marehemu baba, na mambo ya mirathi bado hayajakamilika. Nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, nikaenda kwa mtendaji, nikapata barua ya utambulisho yenye picha yangu na mhuri juu ya picha. Watu wa ofisi ile walinihudumia vizuri, na hilo nataka lijulikane. Nyumba yetu ina kibao cha namba tangu ile Operesheni ya Anwani za Makazi ya 2022, barabara ina jina, postikodi ya tarakimu tano ipo. Vyote nikahakikisha vimeandikwa kwenye barua.

Dalali akasema haisomeki, iko Kiswahili. Nikaipeleka ikatafsiriwa BAKITA. Nikatafuta wakili hapa mjini akaigongea mhuri kwamba nakala ni halisi. Bi mkubwa akawa ananiuliza kila asubuhi, mwanangu, hii likizo umekuja kutuona sisi au kutafuta mihuri? Sikuwa na jibu.

Nimetuma Jumatatu. Jumatano likaja jibu la mistari miwili: hatuwezi kuendelea na maombi yako, uamuzi huu ni wa mwisho. Sababu hakuna. Nimeandika mara tatu kuuliza tatizo ni barua, ni mhuri, ni Tanzania au ni mimi, na mara zote tatu nimerudishiwa mistari ileile.

Pesa imerudi, dola 1,131. Dola 69 zimeliwa na benki za katikati na makato ya kurudisha. Kwa mshahara wangu hizo ni siku za kazi juani, juu ya mapaa. Nimelipa dola 69 kwa huduma ambayo sikupewa, na aliyefungua mlango wa kupokea pesa kabla ya kunihakiki ni wao.

Hapa ndipo ninapochemka hasa. Kumjua mteja ni sheria, siipingi, pesa chafu zipo. FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji wa pesa, kina orodha ya kijivu ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu. Tanzania iliingia humo Oktoba 2022 na ikatolewa Juni 2025. Emirati, nchi yenye Dubai, waliingia Machi 2022, wakatoka Februari 2024. Kwa hiyo hata kama hofu ilikuwa ni nchi, nchi zote mbili zinazonihusu zimeshatoka. Kinachotakiwa kuhakikiwa ni kwamba mimi ni mimi na naishi ninaposema. Barua ya mtendaji inathibitisha hilo kuliko bili, kwa sababu mtendaji na mwenyekiti wananijua kwa sura, bili haimjui mtu. Kama nchi yangu mmeiweka kwenye orodha yenu ya nchi mnazopokea, basi jueni watu wa nchi hiyo wanathibitishaje makazi. Na kama hampokei, iondoeni mwanzoni kabisa, kabla sijaweka hata senti!

NYONGEZA: Mkuu uliyeniambia ninunue hisa za DSE, soko la hisa la Dar es Salaam, niache mambo ya ng'ambo, hisa za DSE ninazo, akaunti ya CDS ya kutunzia hisa hizo nilifungua kabla sijasafiri na ipo salama. Lakini mshahara wangu ni dirhamu, na dirhamu imefungwa kwa dola, 3.6725 kwa dola moja. Sitaki akiba yote ya maisha ikae kwenye soko moja dogo la nchi moja. Na uliyesema nimlipe mtu anitengenezee bili ya kughushi, hapana. Siku ya kutoa pesa wanaweza kuhakiki upya na ukapoteza kila kitu.

Ninachoomba: nani yuko Uarabuni au kwingine, analala chumba cha mwajiri, na amefunguliwa akaunti kwa barua ya mtendaji au kwa taarifa ya benki ya Tanzania yenye anwani ya mtaa? Benki yako ilikubali kuandika namba ya nyumba badala ya S.L.P.? Ulienda tawini au uliomba kwa simu? Narudi Dubai Jumapili, na nikishaondoka ni miaka miwili tena mpaka likizo nyingine, kwa hiyo kama kuna tawi la kwenda hapa Dodoma niambieni kabla ya Ijumaa.