Kozi za "Andika Kitabu Chako Ndani ya Siku 30": ada mnachukua, kazi zetu anasoma nani?

Wakuu, salaam kwenu. Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa matapeli wa mitandaoni. Hawa ninaowasema wamewazidi akili matapeli. Hawakimbii na hela yako. Wanakaa nayo hapo hapo, wanakuita "bingwa", na kila alfajiri wanakusalimia.

Nazungumzia haya makundi ya WhatsApp ya kufundisha uandishi wa vitabu. Tangazo ni lile lile: jamaa kavaa suti, kakumbatia kitabu alichoandika mwenyewe, nafasi zimebaki 7 tu. Ada ilikuwa laki moja na nusu, ukilipia kabla ya Ijumaa ni 85,000. Utapewa mkufunzi wako binafsi, kazi yako itasomwa sura kwa sura, utatoka na mswada kamili mkononi. Ijumaa inapita, wiki inakatika, nafasi bado ni 7.

Mimi nililipia kwa sababu ya hilo moja tu, kusomwa. Nina hadithi yangu ya Pangani naisukuma usiku baada ya kazi, muda mrefu sasa. Hamasa ninayo, sina shida nayo. Anayeandika peke yake chumbani anachokosa ni mtu wa kumwambia: hapa umenipoteza, hapa nimesinzia, huyu bibi si alikufa sura ya pili, mbona sura ya tano anakaanga vitumbua? Mke wangu nilimpa asome, akasema ni nzuri. Na mbovu nayo angesema ni nzuri, ndiyo ndoa hiyo.

Basi nikaunganishwa kwenye kundi. Humo ndani tuko zaidi ya watu mia mbili, na mkufunzi binafsi wa sisi wote ni yule yule wa kwenye tangazo.

Ratiba ilikuwa hivi. Saa kumi na moja alfajiri: "Amkeni mabingwa!" Halafu picha ya Shaaban Robert, chini yake maneno ya kutia moyo yanayonuka vitabu vya mafanikio vya Kimarekani kuliko Shaaban Robert mwenyewe. Marehemu alikuwa karani wa forodha, akaandika mashairi, insha na riwaya huku akihamishwa vituo. Sasa wamemgeuza mhamasishaji wa semina! Baada ya hapo inashuka voisi ndefu kuhusu nidhamu, na jinsi mwalimu alivyokuwa akilala stoo kwa mjomba wake kabla kitabu hakijambadilishia maisha. Watu wanajibu "madini matupu", "nondo hizi mwalimu, ubarikiwe", mikono ya kushukuru inamiminika mpaka mchana. Akitokea mmoja akauliza swali la kazi, kwa mfano, nina watu watatu wanazungumza chumba kimoja, msomaji nitamfanyaje ajue nani kasema nini bila kurudia "alisema" kila mstari, anajibiwa: "Swali zuri bingwa, hilo tutaligusa kwenye Darasa la Juu." Darasa la Juu lina ada yake.

Nikatuma sura yangu ya kwanza. Kimya. Nikakumbusha kwa adabu, nikaambiwa foleni ni ndefu, niwe mvumilivu. Sawa, foleni tumezizoea. Siku maoni yalipofika, yalikuja haya, nayanakili kama yalivyo:

"Hongera kwa kazi nzuri yenye mvuto. Mhusika wako Brenda amebeba vyema maumivu ya mwanamke wa kisasa. Zingatia kuonyesha badala ya kueleza. Boresha mpangilio wa aya. Endelea kuwaka!"

Wakuu, kwangu hakuna Brenda. Sura nzima ina Mzee Sefu, nahodha mstaafu, anabishana na mwanawe kuhusu kuuza shamba la minazi, na kuna punda. Huyo punda ndiye pekee mwenye maumivu. Nikamwandikia mwalimu faragha, nikamuuliza Brenda ni nani. Akanijibu: "Bingwa, usikwame kwenye vitu vidogo, chukua kinachokujenga."

Nikaona labda kajichanganya, amepeleka maoni ya mtu kwa mtu mwingine, binadamu anachoka. Nikauliza kundini kwa upole kama kuna mwenye Brenda tubadilishane. Watu watano wakanifuata inbox. Wote wamepewa Brenda, neno kwa neno mpaka "endelea kuwaka". Mmoja anaandika kitabu cha ufugaji wa kuku wa kienyeji! Mwenye Brenda wake halisi hatujampata mpaka leo. Na lile swali langu kundini lilifutwa na admin kwa kosa la "kuleta nguvu hasi".

Hapo ndipo hasira yangu ilipo, hiyo 85,000 ni ya pili. Unamwambia mtu utamsomea kazi yake, humsomei, halafu unamwandikia kana kwamba umesoma. Kuna dada wa Iringa, mkimya kundini, alibadilisha nusu ya hadithi yake ili "aonyeshe badala ya kueleza" kama alivyoagizwa, kwa maoni ya mtu ambaye hata jina la mhusika mkuu hakulijua.

Huyo dada tukakubaliana tusomane wenyewe. Akanitumia sura ya mtoro anayetoroka kwa ngalawa kutoka kijiji kimoja karibu na Bagamoyo. Imeandikwa vizuri mno, ana sikio huyo dada. Ila ameweka usiku wa mwezi mpevu, saa nne, maji yamejaa mpaka kwenye mashina ya minazi, jamaa anaruka chomboni na kutokomea. Mimi ni mtoto wa Pangani. Mwezi mpevu ni bamvua, siku za maji kujaa sana na kutoka sana, na kwenye pwani yetu bamvua maji hujaa mnamo saa kumi, ya alfajiri na ya alasiri. Saa nne yametoka kabisa. Saa nne ya asubuhi ndio utakuta kina mama wameshuka mwambani na vijiti vyao kutafuta pweza, na saa nne ya usiku ile ngalawa yake ingekuwa imekaa mchangani, mbali na maji.

Nikamwandikia hivyo. Hakununa, akauliza maswali, akaenda kuandika upya. Sasa mtoro anafika ufukweni saa nne akakuta bahari haipo. Chombo anacho, giza hana maana mwezi umewaka kama mchana, na ana saa nyingi za kujificha kwenye mikoko akisubiri maji yapande huku wanaomtafuta wanapita na tochi. Sura imegeuka, ukiisoma tumbo linakukata. Hiyo ni kazi ya jioni moja ya mtu mmoja aliyesoma kurasa sita kwa makini, tena bure. Sura hiyo hiyo ilivyokuwa mwanzo, mwalimu aliipa alama tatu za moto.

Na msiniambie kufundisha uandishi ndivyo kulivyo. Hapo Kampala tu kuna FEMRITE, chama cha waandishi wanawake kilichoanzishwa 1995. Wana jioni yao ya Jumatatu, mtu analeta alichoandika, wenzake wanakisikiliza na kukichambua mbele yake. Monica Arac de Nyeko aliyeshinda Tuzo ya Caine, ile ya hadithi fupi za Kiafrika, 2007 ni wa kundi hilo. Kule Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, wanafundisha hivi tangu 1936: unagawa kurasa zako mapema, wenzako wanakwenda nazo nyumbani, wanarudi zimejaa wino, na wakati wanazijadili wewe mwenye kazi unafunga mdomo. Inauma. Lakini angalau kinachojadiliwa ni chako, wala hakuna anayekuamsha alfajiri.

Sasa twende kwenye kifurushi, maana hapo ndipo tulipokuwa tunapelekwa tangu mwanzo. Kozi inakaribia kuisha, mara unaletewa Kifurushi cha Dhahabu, 1,450,000: uhariri, kava, ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu), "ulinzi wa hakimiliki", nakala 100, na uzinduzi wenye keki. Niliomba kitu kimoja tu, wanionyeshe ukurasa mmoja wowote waliowahi kuuhariri, kabla na baada. Nikatumiwa kava. Nikasema naomba ukurasa, nikatumiwa kava la rangi nyingine.

Kwa wageni wa mambo haya, msilipishwe hewa. Kwa Tanzania ISBN inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, wale wenye Maktaba Kuu pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Geuza vitabu vingi vya hapa nyumbani utaona 978, kisha 9976 au 9987, hizo ni namba za kwetu. Na namba hiyo hubeba jina la mchapishaji, kwa hiyo ukikubali kubandikwa ya kwao, kwenye kumbukumbu mchapishaji ni wao, hata kama kila shilingi ya uchapaji imetoka mfukoni kwako. Waulize hilo kabla hujalipa uone watakavyoanza kukuita bingwa upya. Hiyo hakimiliki nayo hakuna anayekuuzia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inailinda kazi yako tangu ulipoiandika, mpaka ufe na miaka 50 juu yake. Kwenda kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunakupa ushahidi siku mkifikishana pabaya, na ni jambo la kwenda mwenyewe.

Cheti nacho kipo. Kizuri, kina muhuri. Jina langu limekosewa.

Kilichonimaliza kabisa ni hii ya tuzo. Wanatangaza kwamba waliopitia kwao "wanajua siri za majaji" wa Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu. Tuzo ile inaendeshwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ya kwanza ilitolewa Aprili 2023, mshindi wa kwanza shilingi milioni 10, na mswada unachapwa na kusambazwa mashuleni. Kuna na ile ya fasihi ya Kiswahili, ya Safal-Cornell, zamani ikiitwa Mabati-Cornell, iliyoanza 2014, nayo inapokea miswada ambayo haijachapwa. Unapeleka maandishi, watu wanakaa wanayasoma, basi. Ndivyo ilivyokuwa hata enzi za mkoloni. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, aliyemuumba mpelelezi Bwana Msa, alishinda shindano la hadithi la East African Literature Bureau la 1957–58, na hadithi yake ikatoka kitabu 1960. Siri gani ya majaji hapo? Mtu anayeshindwa kutofautisha Mzee Sefu na Brenda ndiye atuuzie siri za majaji?

Najua kuna watakaokuja na "kwani ulilazimishwa?" Sikulazimishwa. Hata fundi cherehani hakukulazimisha, lakini akikurudishia suruali ya mtu mwingine humwambii ahsante kwa kunijenga. Na wale wa "mbona fulani katoka pale na kitabu chake", nimekiona hicho kitabu. Kina kava zuri. Ukurasa wa 11 aya nzima imejirudia mara mbili, neno kwa neno, na kwenye shukrani anamshukuru mhariri.

Ninachotaka ni hivi. Ada yangu irudi, yangu na ya wale watano wa Brenda. Na tangazo livuliwe hayo maneno ya "kazi yako itasomwa". Waandike ukweli, kwamba ni kundi la kuamshana alfajiri. Wateja watapata tu, wapo wanaohitaji kuamshwa.

NYONGEZA: Wanaoniuliza inbox jina la kundi, siliweki hadharani hapa, sina hela ya wakili. Mkiona suti na nafasi 7, mmefika.

NYONGEZA 2: Admin wao kanipigia, anataka "tuyamalize kiutu uzima" kwa kunipa Darasa la Juu bure. Nimemwambia namba ya kurudishia hela anayo, ni ile ile niliyolipia.

NYONGEZA 3: Mimi, dada wa Iringa, mwenye kuku na kijana mmoja wa Mombasa aliyesoma uzi huu tumeanza kusomana. Kurasa tano kila Jumapili, na hutumi zako mpaka umerudisha za mwenzako zikiwa na maoni yanayotaja kilichomo. Tunatafuta wawili zaidi, wawe wa riwaya au hadithi fupi. Mashairi hakuna kati yetu anayeyaweza, tutakupotezea muda.