Wanafunzi wangu hawaongei kabisa kwenye Zoom, nifanyeje?

Mwl_Mbeya: Wakuu heshima yenu. Nafundisha chuo kimoja hapa Mbeya, kozi ya watu wenye kazi zao, wengine wako Makete, wengine Mafinga na Tunduma. Kila Jumatano saa kumi na moja jioni tunakutana Zoom, masaa mawili mfululizo, watu 46. Nauliza swali, kimya. Namtaja mtu kwa jina, kimya. Najibu mwenyewe, tunasonga. Wiki ijayo mkuu wa idara anaingia kusikiliza, na mkataba wangu unakaribia kuisha. Matusi sitaki.

Mnyalu_wa_Kilolo: Kamwene mwalimu. Sisi tuliosoma Chuo Kikuu Huria miaka ya 90 masomo tuliyapata kwenye makabrasha, mwenzako wa kujadiliana naye ni koroboi. Vijana wa siku hizi wamedekezwa.

Dada_Uyole: Mzee, koroboi halimsaidii mwenzetu. Mwalimu, watu 46 wakiwekwa pamoja wanageuka watazamaji. Wagawe vyumba vya wanne wanne, dakika kumi, kila chumba na swali lake na mtu wa kuandika. Wakirudi usiseme "kuna swali?", muite mwandishi wa chumba fulani asome walichoandika. Halafu ukiuliza, nyamaza. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, aliandika miaka ya 1970 kwamba walimu husubiri jibu kama sekunde moja tu. Wakifika tatu, majibu yanarefuka. Mtandaoni subiri zaidi, mtu bado anatafuta kitufe cha maiki. Kamera wanawasha?

Mwl_Mbeya: Hawawashi. Ndiyo maana nimeshapeleka idarani utaratibu: asiyewasha kamera anakosa maksi 10 za ushiriki.

Mama_Parachichi: Jamani! Mimi nasoma nikiwa Rungwe, bando la kuunga. Sauti peke yake haili kitu, video ndiyo inamaliza. Unaniadhibu kwa umaskini? Na yako inawaka?

Mwl_Mbeya: Mada ni wanafunzi, mama.

Mama_Parachichi: Nimeuliza, yako inawaka?

Mwl_Mbeya: Haiwaki. Saa hizo nipo kwenye duka langu la vitenge Mwanjelwa, ndio muda wa wateja. Ila sauti yangu ni safi na slaidi wanaziona. Duka linanilipia pango, siwezi kulifunga. Mwalimu na mwanafunzi hawalingani, na utaratibu umeshafika idarani.

Kinyozi_Soweto: "Slaidi inayofuata... karibu dada, hicho ni mita sita." 😂😂

Jicho_la_Tatu: Chai hii. Vikao vya kundi kwenye Zoom ya bure vinakata dakika ya 40, hayo masaa mawili mfululizo yanatoka wapi? Huyu ni mwanafunzi anataka kumchomea mwalimu wake.

Mnyalu_wa_Kilolo: Hata mimi nilihisi. Hakuna mhadhiri anayeuza duka.

Kinyozi_Soweto: Mzee, wamejaa. Wa kwetu ana bodaboda tatu.

Mwl_Mbeya: Sina sababu ya kudanganya. Ikikata tunaingia upya, linki ileile. Wanarudi kama thelathini, tunaendelea.

Dada_Uyole: Thelathini kati ya 46? Hilo ulipanga kutuambia lini? Fanya kipindi cha dakika 35, mengine wayasome kabla. Na huo utaratibu wa kamera ukautoe idarani kesho asubuhi.

Jicho_la_Tatu: Kama duka lipo kweli, vitenge vya wax doti bei gani?

Mwl_Mbeya: Inategemea na aina mkuu. Nicheki faragha.